Huzuni ya Mama Baada ya Kujifungua

Ndugu msomaji, umewahi kumwona mama aliyejifungua akilia tu? Mtoto mzima, chakula kipo, lakini machozi hayakauki. Majirani wanasema, "Anadeka huyo," au "Karogwa." Sivyo.

Mwanamke mjamzito huwa na homoni nyingi. Homoni ni kemikali zinazopita katika damu na kuuongoza mwili. Akijifungua tu, baadhi yake hushuka ghafla. Ndiyo maana mama wengi hulia na kuwa na wasiwasi siku za mwanzo. Hali hii huisha yenyewe kabla ya wiki 2.

Ikizidi wiki 2, huenda ni ugonjwa. Unaitwa sonona. Uchovu na kukosa msaada huuzidisha. Dalili zake ni hizi: hapati usingizi hata mtoto akilala, hataki kula, anajiona hafai. Mpeleke kituo cha afya. Akisema anataka kufa au kumdhuru mtoto, usimwache peke yake. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Tiba ipo: mazungumzo na mtaalamu, na vidonge pia. Vidonge havitibu kwa siku moja. Huchukua wiki kadhaa. Akipata nafuu asiache ghafla, ugonjwa unaweza kurudi. Amwambie daktari kwamba ananyonyesha. Vipo vinavyomfaa, kama setralini.

Na wewe baba, mpokee mtoto, teka maji, mama alale.

Maswali
1. Kwa nini mama hulia baada ya kujifungua?
2. Baada ya wiki ngapi apelekwe kituoni?
3. Nyumbani kwako, nani humsaidia mama aliyejifungua?