MBOGA JUU YA PAA: Faida na Taabu za Bustani ya Mikebe

Ukisafiri kutoka Nairobi hadi Thika siku hizi, utaona majumba ya ghorofa mahali palipokuwa na mashamba ya kahawa. Wakazi wengi wa Ruiru na Thika wamekodi chumba kimoja au viwili katika majumba hayo, na hawana hata kipande cha ardhi cha kupanda kitunguu. Hata hivyo, juu ya paa la saruji, kando ya tangi la maji na kamba za kuanikia nguo, pana nafasi ambayo aghalabu hukaa bure. Je, mtu anaweza kupata mboga za kulisha jamaa yake kutoka hapo?

Jibu ni ndiyo, ila kwa kiasi. Mikebe kumi haiwezi kulisha watu watano mwezi mzima. Inachoweza ni kuweka mboga sahanini siku zile za mwisho wa mwezi ambapo mfuko umekauka, na kwa afya ya watoto hilo si jambo dogo.

KWA NINI MBOGA?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Mboga za majani zina vitamini A inayolinda macho, madini ya chuma yanayosaidia kutengeneza damu, na foleti ambayo mama mjamzito huihitaji sana. Sukuma wiki ina vitamini C pia, lakini hiyo hupungua mboga zinapokaa sana baada ya kuchumwa au zinapochemshwa kwa muda mrefu. Mboga inayotoka paani na kuingia sufuriani papo hapo haikawii njiani.

Anayeanza asidharau mboga za kienyeji. Terere huwa tayari kwa wiki tatu au nne tu; managu na kunde hufuata. Zamani wengi waliziita magugu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja, katikati ya Ruiru na Thika, ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba mboga hizo zina lishe bora.

MKEBE GANI UNAFAA?

Tumia ndoo kuukuu, mkebe wa mafuta ya kupikia au gunia. Katika mtaa wa Kibera, Nairobi, familia nyingi zimepanda sukuma wiki kwenye magunia, miche mingine ikichomekwa ubavuni. Usitumie kamwe chombo kilichobeba dawa ya wadudu, rangi au mafuta ya gari, hata ukikisugua namna gani, kwani sumu inaweza kuingia kwenye mboga.

Toboa matundu chini ili maji yasituame. Changanya udongo sehemu mbili, samadi sehemu moja na mchanga sehemu moja. Samadi iwe imeoza kabisa, maana ile mbichi hubeba viini vya kuhara. Kina cha sentimita 20 chatosha terere. Sukuma wiki yataka 30.

TAABU ZAKE

Sasa tuseme ukweli. Utapanda miche 20 Jumapili, na kufikia Jumatano nusu yake imenyauka. Saruji hushika joto, upepo wa juu hukausha udongo, na siku ya mgao wa maji mfereji hautoi hata tone. Panda mvua zinapokaribia, yaani Machi au Oktoba, funika udongo kwa nyasi kavu na umwagilie jioni. Maji ya kusuuzia mboga au mchele yanafaa. Yaliyofulia nepi au yenye dawa ya kung'arisha nguo hayafai.

Vidukari wakivamia, nyunyiza maji yenye sabuni kidogo chini ya majani, kisha uyasuuze. Ndege wazuie kwa chandarua kuukuu. Na jirani anayechuma bila kuuliza? Huyo mpe fungu mapema, naye atageuka mlinzi wako.

Yapo mambo matatu ya hatari. Kwanza, debe la lita 20 lenye udongo mbichi huweza kufika kilo 25 hadi 30; madebe 20 ni nusu tani au zaidi. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba, na uyatandaze juu ya kuta badala ya kuyarundika katikati. Pili, usiweke mkebe ukingoni, wala usimwache mtoto apande huko peke yake. Tatu, mwaga kila wiki maji yaliyotuama kwenye visahani, kwani mbu huzaana humo.

Kabla ya kupika, osha majani kwa maji safi, kisha ndipo uyakate, na uyapike kwa muda mfupi.

Msomaji, anza na mikebe mitatu ya terere. Ikikauka, panda tena. Siku mtoto atakapopanda ngazi mwenyewe pamoja nawe kuchuma mboga ya chakula cha jioni, utaona kwamba jasho lako halikwenda bure. Haba na haba hujaza kibaba.