Kukifundisha Kitenzi "Go" katika Shule ya Msingi

Mwanachuo mmoja alikuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule ya msingi isiyo mbali na mji wa Mpanda. Somo lilikuwa Kiingereza, Darasa la Sita, na kifungu cha ufahamu kilikuwa na sentensi hii: "The milk has gone bad." Alimwita mwanafunzi aeleze maana yake. Mtoto alisimama, akafikiri, kisha akajibu kwa sauti ya kusikika: "Maziwa yamekwenda pabaya." Darasa lilicheka, na mwalimu naye akacheka. Mtoto aliketi, na hadi kipindi kilipokwisha hakunyosha mkono tena.

Sisi tuliokuwa tumeketi nyuma ya darasa hatukuona kosa la mtoto. Katika daftari lake, kama katika madaftari ya wenzake, ilikuwa imeandikwa: "go" ni "enda". Mtoto alitumia alichofundishwa, tena kwa uaminifu. Kosa lilikuwa katika njia ya kufundisha, maana neno moja la Kiingereza lilipewa neno moja la Kiswahili, na somo likaishia hapo.

Jambo hili si dogo. Katika shule za msingi za serikali Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia, na Kiingereza ni somo miongoni mwa masomo. Mtoto akiingia sekondari, jiografia na baiolojia humjia kwa Kiingereza, na kitenzi "go" atakikuta karibu kila ukurasa, mara nyingi mahali ambapo hakuna mtu anayekwenda popote. Yule ambaye ameshachekwa mara moja hatauliza maana yake. Katika makala haya, basi, tunakusudia kuonyesha maana kuu za kitenzi hicho, mahali ambapo Kiswahili kinamsaidia mwanafunzi na mahali ambapo kinampoteza, na namna moja ya kukifundisha.

1. Maana ya msingi: kuondoka pale aliposimama msemaji

Maana ya kwanza ya "go" ni mwendo wa kutoka mahali alipo msemaji kuelekea kwingine. Mwenziwe ni "come", yaani mwendo wa kuelekea alipo msemaji au alipo anayesemeshwa. Vitenzi hivi viwili hufundishwa pamoja, kwa kuwa kila kimoja hueleweka kwa kulinganishwa na cha pili.

Walimu wa Mpanda wanayo zana nzuri iliyo karibu nao, nayo ni reli. Tawi la reli linalotoka Kaliua, kwenye njia kuu ya Tabora na Kigoma, lilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya madini ya risasi, nalo lina urefu wa yapata kilomita 210. Mpanda ndipo mwisho wake. Kwa hiyo hakuna treni inayopita Mpanda. Ama inakuja, ama inakwenda. Sasa mwalimu na awaulize wanafunzi: treni imeondoka Kaliua na inaelekea huku kwetu. Mtoto wa Mpanda atasema nini? Atasema, "The train is coming." Na mtoto aliyebaki kwenye stesheni ya Kaliua akiitazama ikitokomea? Atasema, "The train is going to Mpanda." Treni ni ile ile, na saa ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali aliposimama msemaji. Mwanafunzi akilielewa hili, ameushika mzizi wa kitenzi.

Kiswahili hufanana na Kiingereza katika jambo hili kwa sehemu kubwa. Mama akiita "Njoo!", mtoto hujibu "Naja!", ingawa kwa hakika anaondoka pale alipo, Mwingereza naye hujibu "I am coming." Hata hivyo iko tofauti moja ya kuangaliwa. Sisi tunapotoka chumbani kwa muda mfupi huwaambia tuliowaacha, "Nakuja sasa hivi," na kila mtu huelewa kwamba tutarudi. Mwanafunzi akisema "I am coming" huku akitoka mlangoni, Mwingereza atashangaa kuona anakwenda. Yafaa aseme, "I will be back soon."

2. Maumbo ya kitenzi

Wanafunzi wengi huandika "goed", kwa kuwa wamefundishwa kuongeza "-ed" ili kupata wakati uliopita. Tusiwakemee, maana wamefuata kanuni. Tuwaeleze kwamba "went" hapo zamani lilikuwa umbo la kitenzi kingine, "wend", chenye maana iliyokaribia hiyo hiyo, likahamia kwa "go" na kubaki huko hadi leo.

Wakiona jambo hilo kuwa la ajabu, tuwarudishe kwenye Kiswahili chao. Anayeamrishwa kusoma huambiwa "Soma!", na anayeamrishwa kukimbia huambiwa "Kimbia!" Mbona basi anayeamrishwa kuja haambiwi "Ja!" bali "Njoo!"? Na anayeamrishwa kwenda, mbona huambiwa "Nenda!"? Katika lugha nyingi vitenzi vinavyotumika kila saa ndivyo vinavyoelekea kuyahifadhi maumbo yasiyofuata kanuni. Mtoto anayelijua "njoo" bila kufundishwa anaweza kulipokea "went" bila kuliogopa.

Makosa mawili zaidi hutokea mara kwa mara. La kwanza ni "I did not went." Hapa wakati uliopita umetajwa mara mbili, kwa kuwa "did" limekwisha kuubeba, sahihi ni "I did not go." La pili ni kuchanganya "gone" na "been". "My father has gone to Tabora" maana yake ni kwamba baba amekwenda Tabora na hajarudi. "My father has been to Tabora" maana yake ni kwamba baba amewahi kufika Tabora, akarudi. Kiswahili kinayo tofauti hiyo, ila huionyesha kwa njia nyingine: "amekwenda" na "amewahi kwenda". Mwalimu asiipite kwa haraka, kwa maana mgeni anayebisha hodi anataka kujua kama mwenyeji yupo au hayupo.

3. Maneno yanayofuatana na "go"

Mara nyingi mwanafunzi hukosea neno linalofuata kuliko kitenzi chenyewe. Kiswahili husema shuleni, sokoni na nyumbani, na kiambishi "-ni" kinatosha kwa yote matatu. Kiingereza husema "go to school" bila "the", husema "go to the market" kwa kuongeza "the", na husema "go home" bila hata "to". Mtoto anayeandika "go to home" amefikiri kwa mantiki, lakini lugha haikukubaliana naye. Mafungu haya yafundishwe yakiwa mazima, yasemwe na kurudiwa, kama mtu anavyojifunza salamu.

Vivyo hivyo, watu wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, huenda kuvua samaki. Mwanafunzi akitafsiri neno kwa neno atasema "go to fish". Inaeleweka, lakini desturi ya Kiingereza ni "go fishing", kama "go swimming" na "go hunting".

Iko pia tofauti kubwa ya kimaumbile baina ya lugha hizi mbili. Kiswahili huweka mwelekeo ndani ya kitenzi chenyewe: ingia, toka, panda, shuka, rudi. Kiingereza hukitumia kitenzi kile kile "go", kisha huongeza neno dogo: "go in", "go out", "go up", "go down", "go back". Kwa hiyo neno dogo ndilo lenye habari, na mwanafunzi asiyelitazama hukosa maana yote. Wakati wa kiangazi maji ya mto Katuma hupungua, na viboko wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi husongamana katika madimbwi machache yaliyosalia. Tukisema "The water goes down," maana yake ni kwamba kina cha maji kinashuka. Tukisema "The animals go down to the water," wanyama wanateremka kwenye maji. Bei nazo "go up", yaani hupanda. Taa "go out", yaani huzimika. Na mwalimu akisema "Go on," anamtaka msomaji aendelee.

4. Pale ambapo hakuna anayekwenda

Sasa tuyarudie maziwa yetu. "Go bad" ni kuharibika; "go blind" ni kupofuka; "go wrong" ni kuharibika kwa jambo lililokusudiwa. Katika matumizi haya "go" ni kugeuka kutoka hali moja hadi nyingine, na aghalabu hali hiyo ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza.

Je, ni jambo geni kwetu? Hata kidogo. Tunasema mambo yamekwenda kombo, au yamekwenda mrama, na hakuna anayeuliza yamekwenda wapi. Tunasema saa haiendi tukimaanisha kwamba imesimama, na Mwingereza husema vivyo hivyo, "The clock does not go." Tunaulizana mambo yanakwendaje. Kama mwanachuo wetu angemwambia yule mtoto, "Umekaribia. Sisi husema mambo yamekwenda kombo, wao husema hivyo hata juu ya maziwa," mtoto angeketi akiwa amejifunza, na wala pasingekuwa na kicheko.

Matumizi mengine yasiyo na mwendo ni "going to" kwa wakati ujao. "It is going to rain" maana yake ni kwamba mvua itanyesha, na dalili zake zinaonekana. "The train is going to leave" ni treni iliyo karibu kuondoka, nayo ingali imesimama. Siku hizi husikika katika matangazo ya mpira, "tunakwenda kushuhudia". Hatukusudii kuamua hapa kama ni Kiswahili kizuri, lakini mwanafunzi aliyekwisha kulisikia ataweza kuielewa haraka njia hiyo ya Kiingereza.

5. Tahadhari katika kuchagua mifano

Mwalimu hana budi kuijua jamii ya wanafunzi wake kabla ya kuchagua sentensi. Katika Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012, wako watoto wa makazi ya Katumba na Mishamo ambao babu na bibi zao walikimbia Burundi mwaka 1972. Baadaye wengine walirejea, na wengi wakachagua uraia wa Tanzania. Kwa mtoto wa huko, sentensi "They went back" yaweza kuwa habari ya jirani au ya ndugu, na kumuuliza mbele ya wenzake "When will you go back home?" ni kumwambia kwamba hapa si kwao. Tumeshasema kwamba "go" na "come" hutegemea mahali aliposimama msemaji. Mtoto huyo amesimama Katumba, ndiyo nyumbani. Mfano ufaao ni ule wa kila siku: "After school I go home."

6. Mpango wa somo moja

Tunapendekeza kipindi cha dakika 40 kwa Darasa la Tano. Madhumuni ni kwamba mwanafunzi aweze kuchagua kwa usahihi baina ya "go" na "come". Zana ni chaki, na vipande vitatu vya karatasi ngumu vilivyoandikwa Tabora, Kaliua na Mpanda.

Hatua ya kwanza, dakika 5: mwalimu achore reli sakafuni na kuwapanga wanafunzi watatu, kila mmoja kwenye stesheni yake. Mwanafunzi wa nne awe treni.

Hatua ya pili, dakika 15: treni iondoke Tabora. Kila inapotembea mwalimu aulize kila stesheni, "Is it coming or going?" Majibu yatatofautiana, na darasa lieleze kwa Kiswahili kwa nini. Kisha treni igeuke na kurudi, ili majibu nayo yageuke.

Hatua ya tatu, dakika 10: wanafunzi wawili wawili waulizane, "Where are you going?" na kujibu kwa mahali wanapopafahamu: sokoni, kisimani, nyumbani, ziwani.

Hatua ya nne, dakika 10: kila mmoja aandike sentensi nne. Mwalimu apite akisahihisha, na anayekosea aulizwe kwanza alikuwa anafikiri nini. Mara nyingi kosa lake lina sababu, na sababu hiyo ndiyo somo la kesho.

Maana nyingine zisubiri vipindi vyake, moja baada ya moja. Na katika madaftari, badala ya kuandika kwamba "go" ni "enda", yaandikwe mafungu mazima pamoja na maana zake, orodha ikiachiwa nafasi ya kuongezeka.

Maswali ya kujadiliana

(a) Taja vitenzi vitatu vya Kiswahili ambavyo mwelekeo umo ndani yake, na ueleze Kiingereza husemaje.
(b) Mwanafunzi ameandika, "The sugar has gone," akimaanisha kwamba sukari imekwisha. Je, amekosea? Toa sababu.
(c) Tayarisha sentensi tano za "go" zinazotokana na maisha ya kijiji utakakopangiwa mazoezi, bila kuchukua hata moja kutoka katika kitabu.
(d) Mwanafunzi amejibu, "Maziwa yamekwenda pabaya," na darasa linacheka. Andika maneno utakayoyasema kwanza.