Nyakati za Vitenzi vya Kiingereza katika Barua ya Kazi na ya Malalamiko

Mkaazi wa Ruiru anapoomba kazi katika kiwanda cha Thika, mara nyingi barua yake huandikwa kwa Kiingereza. Anayeisoma hutaka kujua jambo moja mapema: je, mwombaji bado yuko kazini kwingine, au aliacha? Jibu limo ndani ya kitenzi, na hapo ndipo barua nyingi hukwama.

Chukua sentensi "Ninafanya kazi Thika tangu 2019". Kwa Kiswahili haina tatizo. Wengi huigeuza neno kwa neno na kupata "I am working in Thika since 2019", ambayo Kiingereza hakiikubali. Kitendo kilichoanza zamani na ambacho kingali kinaendelea huhitaji "have": "I have worked in Thika since 2019", au "I have been working in Thika since 2019". Ikiwa kazi iliisha, "have" huondoka: "I worked in Thika from 2019 to 2022". Mwajiri ataelewa kwamba wa kwanza huenda akahitaji kutoa notisi anakofanya kazi sasa, na kwamba wa pili alishaondoka.

"Since" hutaja mwanzo wa muda (since 2019, since January), nayo "for" hutaja urefu wake (for six years). Kuyachanganya ni kosa dogo, ila huonekana haraka.

Mtego mkubwa zaidi uko katika "-me-". Tumezoea kusema "nimelipa jana", na hakuna anayeshangaa. Kiingereza hushangaa. Ukishataja wakati uliokwisha, kama jana, wiki iliyopita au tarehe fulani, tumia "paid" peke yake: "I paid the land rates on 4 March". Bila tarehe, "I have paid the land rates" ni sahihi, na maana yake ni kwamba deni halipo tena. Katika barua ya kupinga bili, sentensi yenye tarehe ndiyo yenye nguvu, kwa sababu ofisa anaweza kuilinganisha na risiti.

Wanaozungumza Kikuyu wana sababu nyingine ya kuzingatia tarehe. Kikuyu hutenganisha ndani ya kitenzi chenyewe jambo la leo, la jana na la zamani. Kiingereza hakina utajiri huo. "I paid" yaweza kuwa asubuhi ya leo au miaka ishirini iliyopita. Kinachokosekana kwenye kitenzi lazima kiandikwe kando yake.

Malalamiko nayo yana kitenzi chake cha hatari. "When I arrived, the clerk left" maana yake ni kwamba ulifika, kisha karani akaondoka, pengine kwa kukukwepa. Hilo ni shutuma nzito. Ikiwa ulikuta karani alikuwa ameshaondoka, andika "When I arrived, the clerk had left". Kiswahili hutusaidia hapa: panapofaa "alikuwa ameondoka", panafaa "had left". Mtu anaweza kuitwa kujieleza kwa sababu ya "had" iliyosahaulika.

"I am having a driving licence" pia husikika sana katika mahojiano. Kumiliki si kitendo kinachoendelea, hivyo ni "I have". Vivyo hivyo "I know", si "I am knowing".

Kabla ya kutuma barua, pigia mstari kila kitenzi na ujiulize jambo hilo lilitokea lini, na kama bado linaendelea. Kazi hii huchukua dakika chache kwa barua ya ukurasa mmoja. Na kwa barua za ofisi za serikali, Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinataja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, kwa hivyo malalamiko yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili.