Magongo ya Kulengea: Mafunzo Niliyopata Porini na Kwenye Benchi la Seremala

Kwenye vitalu vya uwindaji vya upande wa Tabora na Rungwa, bunduki ni ya mgeni, leseni kailipia mgeni, na pembe zitaondoka na mgeni. Magongo ya kulengea, yale ya kuegemezea bunduki, ni ya traka, mfuata nyayo kama mimi. Ndiye anayeyabeba begani tangu alfajiri, ndiye anayeyasimamisha mwindaji bingwa akinong'ona "hapo", na mgeni akimjeruhi mbogo badala ya kumwangusha, ndiye anayetangulia kufuata damu. Mgeni anaweza kuombwa asubiri garini. Traka haombwi. Kwa hiyo sijawahi kuyaona magongo haya kama kifaa cha kumstarehesha mgeni. Risasi iliyotulia inanipunguzia mimi safari ya kuingia kichakani nyuma ya mnyama mwenye hasira.

Yale ya dukani hutoka nje, mengine ni ya nyuzi za kaboni, na bei yake unanunua baiskeli mpya. Ya kienyeji tunayakata porini: fito tatu na kipande cha tyubu, kazi imekwisha. Tatizo la fito ndefu ni safari. Basi la Tabora halizitaki, ndege ndogo za kambini hazizitaki, na ndani ya Land Cruiser zinamchoma mtu mbavu kila tukivuka korongo. Ndipo nilipoanza kutengeneza ya vipande, yanayofunguliwa na kuingia kwenye begi la kawaida.

1. Pima mtu kwanza, mti baadaye

Mgeni akisimama ametanua miguu kidogo, shavu kwenye kitako na jicho kwenye darubini, ubao wa chini ya mtutu unatakiwa ulale kwenye panda ya magongo bila yeye kuinama wala kupandisha mabega. Kwa mtu wa sentimita 170, panda hiyo inaangukia kwenye 140 hivi kutoka ardhini. Lakini miguu ya magongo haisimami wima. Hutanuka, na kutanuka kunakula urefu. Mguu wenye sentimita 151 chini ya fundo linaloishika miguu, ukisimama na wenzake kwa nafasi ya sentimita 90 kati ya mmoja na mwingine, unakupa kimo cha 142. Kwenye ile 151 ongeza sentimita 15 za kuchomoza juu ya fundo, pale bunduki inapokaa, unapata mguu mzima wa 166.

Kipimo cha haraka basi ni hiki: mguu wa gongo ulingane na kimo cha mwenye kulenga, ukipungua upungue vidole vichache. Wageni wengi ni warefu kutuzidi, kwa hiyo yangu nayakata 180. Gongo refu unalishusha kwa kulitanua. Fupi halina dawa.

2. Miguu mitatu, hata kama utatumia miwili

Kuegemeza bunduki si jambo la jana. Askari wa Ulaya wa karne ya 16 na 17 walitembea na panda ya mguu mmoja kwa ajili ya misketi zao nzito, na wawindaji wa nyati wa Marekani miaka ya 1870 walifunga vijiti viwili kama mkasi, wakakaa chini nyuma yake, wakafyeka makundi kwa makundi. Wale walikuwa kwenye uwanda wa nyasi fupi. Huku kwetu ukikaa chini huoni kitu zaidi ya majani na kisiki kilichoungua. Tunalenga tumesimama.

Miguu miwili inazuia bunduki isiyumbe kushoto na kulia, lakini haizuii kwenda mbele na nyuma. Mitatu inazuia vyote. Palahala akiwa ng'ambo ya mbuga, mita 150, nataka mitatu. Mbogo akiwa kichakani mita 40, sina muda wa kutafuta mahali pa kuweka mguu wa tatu, naufunga sambamba na mmojawapo na kusimamisha miwili tu. Mwenye mitatu ana yote mawili.

3. Mti wa bei rahisi unatosha, ila bomba la plastiki halitoshi

Mpini wa dekio ndio ninaouamini. Unauzwa kila duka la vyombo, umenyooka, umeshapigwa msasa, unene wake ni milimita 24 hivi, na miguu mitatu ukiikata na kuiunga inakuwa na uzito wa kilo moja na kidogo. Ziangalie nyuzi zake kabla ya kulipa: zikikimbia mshazari kuelekea ukingoni, mpini huo utapasuka hapo hapo. Dukani wamenizoea sasa. Naishika mipini yote, naitazama kwa jicho moja kama mtu anayenunua bunduki, nachukua ya kutosha miguu mitatu.

Mkole ni mti mzuri, mgumu na wenye kunyumbuka, lakini kuupata ulionyooka sentimita 180 ni kazi. Mianzi ni myepesi sana ila hupasuka kwenye kiungo. Mpingo uache kwa wachongaji, maana ni mzito hata kuzama majini, na traka anabeba siku nzima. Yale mabomba meupe ya nyaya za umeme yanavutia kwa bei, lakini weka bunduki ya .375 yenye darubini juu yake uone yanavyopinda. Fito za hema bovu ni nyembamba mno kwa kulenga ukiwa umesimama. Kwa mtu anayelenga amekaa zinafaa.

4. Kazi yote iko kwenye kiungo

Hapa ndipo gongo la vipande linapofaulu au kufa.

Kwanza idadi. Ukiukata mguu vipande viwili, kiungo kinaangukia katikati kabisa, na katikati ndipo mti unapopinda zaidi ukibebeshwa. Kata vitatu. Mguu wa 180 unakupa vipande vya sentimita 60, vinavyoingia begini, na viungo viwili vilivyo mbali na katikati.

Pili, usichonge ncha. Seremala niliyempelekea kazi hii alishika patasi mara moja. "Mdogo wangu, hapa tunapunguza ncha iingie kwenye bomba, kama mguu wa kitanda." Nikamwambia, fundi, mguu wa kitanda haubebwi kilomita 20. Ukichonga, pale penye bega panakuwa ndipo pembamba kuliko pote, na ndipo panapovunjika. Badala yake tafuta bomba la aluminiamu, kama la pazia, ambalo tundu lake linaupokea mpini mzima bila kuupunguza. Kata soketi za sentimita 15. Kwaruza ndani kwa msasa, paka ile gundi ya tyubu mbili inayochanganywa, sukuma mpini uingie nusu, sentimita saba na nusu, kisha piga skrubu fupi kando. Nusu iliyobaki wazi ndiyo ya kupokea kipande kinachofuata.

Tatu, kina. Watu hukata soketi fupi kuokoa bomba, halafu wanalalamika gongo linacheza. Hesabu yake ni nyepesi. Nafasi ya milimita moja tu ndani ya soketi yenye kina cha sentimita saba na nusu, ikifika mwisho wa kipande cha sentimita 60 imeshakuwa milimita nane. Punguza kina kwa nusu, mchezo unakuwa maradufu. Na viungo ni viwili kwa kila mguu, na miguu ni mitatu. Mgeni haoni viungo. Anachokiona ni alama ya darubini ikitembea begani mwa mnyama, naye anadhani ni moyo wake unaodunda.

Nne, soketi igundishwe kwenye kipande cha juu, mdomo utazame chini. Ukiigeuza, kila ukisimamisha gongo soketi inakuwa kikombe cha kupokea majivu na mchanga.

Tano, nta. Msimu unaanza Julai, kila kitu kikavu, vipande vinaingia na kutoka vizuri. Mvua za kwanza zikigonga Novemba, mti unavimba na kung'ang'ania ndani ya bomba hadi mvute wawili. Sisi wa Tabora na Sikonge hatuna kisingizio, nta ya nyuki imejaa. Sugua ncha za mti mpaka zing'ae, rudia kila wiki.

5. Lastiki

Mahema ya kisasa yana uzi wa lastiki ndani ya fito unaovuta vipande pamoja. Mpini wa mti hauna tundu, kwa hiyo uzi wangu unapita nje: pete ndogo ya waya kila upande wa kiungo, lastiki ya nguo katikati. Si nzuri kutazama. Inazuia kipande cha chini kisidondoke ukiinua magongo kukimbilia mbele, na hilo ndilo ninalolitaka.

6. Fundo la juu lisukwe, lisizungushwe

Kata tyubu ya baiskeli ukanda wa upana wa vidole viwili, urefu wa mita moja. Laza miguu mitatu mezani sambamba. Anza sentimita 15 kutoka juu: ukanda upite juu ya mguu wa kwanza, chini ya wa pili, juu ya wa tatu, uzunguke na kurudi kinyume chake. Mizunguko minne au mitano, ukivuta kwa nguvu ya wastani, kisha mkia uchomeke chini ya mzunguko wa mwisho. Ukiizungusha yote kwa pamoja kama mzigo wa kuni, miguu itakataa kutanuka. Ukiisuka, unashika wa katikati na kuusukuma, mitatu inafunguka yenyewe, na vichwa vyake vitatu vinafanya kikombe ambacho bunduki inakaa.

Nimeona watu wakitoboa mti na kupitisha bolti. Tundu linaudhoofisha mti pale pale penye mzigo, na bolti inalia. Mpira unameza mlio. Jua linauchosha, unapasuka nyufa, unabadilisha. Fundi baiskeli anakupa tyubu mbovu bure.

7. Rangi: muulize mbung'o

Mtengenezaji mwenye busara hataki gongo linalong'aa, kwa hiyo wengi hukimbilia rangi nyeusi. Huku kwenye miombo hilo ni kosa. Mitego ya mbung'o unayoiona imetundikwa kwenye mapori hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi, kwa sababu rangi hizo zinawavuta. Traka aliyebeba magongo meusi begani anabeba na msafara wake. Mimi napaka kijani kilichopauka au rangi ya udongo, isiyong'aa, na soketi za aluminiamu nazivika kitambaa cha turubai la zamani. Turubai hilo linafanya kazi ya pili: vipande vikigongana havitoi ule mlio wa sufuria ambao palahala anausikia kabla yako.

Kwenye nyayo navalisha zile raba za magongo ya wagonjwa, zinapatikana maduka ya vifaa vya tiba. Kwenye mawe hazitelezi wala kulia. Kwenye udongo mweusi wa mbugani, mvua ikinyesha, zivue, maana zinabeba tope zito kuliko gongo lenyewe.

8. Mtutu usiguse mti

Hili nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa traka kabla sijazaliwa, naye alilisema kwa ukali. Kinacholala kwenye panda ni ubao wa chini ya mtutu. Mtutu wenyewe ukiegemea kitu kigumu, risasi ikitoka unaruka kukimbia pale ulipoegemea, na risasi inapanda juu ya pale ulipolenga. Kwa mbogo, juu ya bega maana yake ni mnyama aliyeondoka na maumivu, na sisi nyuma yake. Ndiyo maana panda yangu naifunika tyubu nyingine, na ndiyo maana nikimwona mgeni amesogea mbele mno namrudisha nyuma kwa mkono bila kuomba radhi.

9. Wageni hununua, lakini si kila mti unavuka mpaka

Mwisho wa safari wengi huuliza bei. Wengine wanataka yale ya fito za porini, yenye magome, kwa sababu yanaonekana ya Afrika zaidi. Nawakatalia. Nchi nyingi zinakagua mti mbichi wenye gome kwa hofu ya wadudu, na Australia ni wakali kupita kiasi. Mti uliokauka, uliopigwa msasa na rangi, ukiwa vipande ndani ya begi, kwa kawaida hausumbui. Tena mzigo kwenye ndege ndogo za kambini mara nyingi ni kilo 15 tu kwa mtu. Kenya walifunga uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo soko la kazi hii katika ukanda wetu liko upande wa Tanzania, nami silalamiki.

10. Siku ya kwanza, magongo kuliko meza

Kila mgeni akifika tunapima bunduki yake kama safari imeihamisha darubini. Desturi ni kumkalisha mezani na mifuko ya mchanga. Anapiga risasi tatu ndani ya duara la kikombe cha chai, anatabasamu, tunakwenda kula. Kesho yake anasimama nyuma ya magongo kwa mara ya kwanza, mbele yake kuna mbogo. Bingwa ninayefanya naye kazi sasa amebadilisha utaratibu huo: mezani risasi mbili, za kuhakikisha darubini tu, halafu zinazobaki zote amesimama, kwenye magongo, nami ndiye ninayeyasimamisha ili tuzoeane. Wapo wageni wanaonung'unika kwamba ni kupoteza risasi. Bingwa anawajibu kwa upole kwamba risasi za ziada zinauzwa Arusha, na mimi siuzwi.