Dondoo muhimu: Bahari ikibadilika ghafla

Tetemeko la Agosti 12, 2020, lililoanzia chini ya bahari, liliitikisa Dar es Salaam usiku bila kuleta tsunami, lakini usilitegemee lijalo liwe hivyo.

1. Ardhi ikitetemeka kwa nguvu au kwa muda mrefu ukiwa ufukweni, kimbilia mwinuko papo hapo, usingoje king'ora.
2. Maji yakipwa ghafla na saa yake bado, usishuke kuokota samaki wala kupiga picha.
3. Usirudi baada ya wimbi la kwanza. Linalofuata huweza kuwa kubwa zaidi.
4. Usijifariji kwa umbali: Desemba 26, 2004, mawimbi kutoka Sumatra yalivuka Bahari ya Hindi kwa saa kadhaa, yakaua watu Somalia, Kenya na Tanzania, wengine wakiwa wanaogelea sikukuu.
5. Mvuvi uliye mbali, kwenye kina kirefu, baki huko. Tsunami huinuka ikifika maji ya kina kifupi.
6. Hata pasipo tsunami, ogopa ukanda uliotulia katikati ya mawimbi yanayovunjika, hasa wenye povu na mchanga unaokwenda nje: hapo ndipo mkondo huvuta. Wageni huuona shwari, wakaingia hapo hapo na watoto.
7. Mkondo ukikuvuta, usishindane nao: elea, inua mkono, kisha ogelea sambamba na ufukwe.
8. Usimrukie anayezama. Mtupie boya, kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko.
9. Msimu wa kusi, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka. Wakitangaza mawimbi makubwa, ahirisha safari.