Kinywa cha Mgonjwa Kiingie Kwenye Zamu

Ukipewa saa mbili za kuwafundisha wauguzi wa Kitale au Bungoma kuhusu afya ya kinywa, usizimalize kwa picha za meno yaliyooza. Picha hizo wamekwisha kuziona chuoni. Wanachokosa ni mazoea: kushika tochi, kuinua mdomo wa mgonjwa, kutazama, kuandika walichokiona, na kujua mgonjwa huyo apelekwe wapi. Mazoea hayaji kwa kusikiliza, basi saa nzima ya kwanza iwe ya vitendo.

Wakalishe wawili wawili, kila mmoja amkague mwenzake. Vifaa ni glavu, tochi ya simu na kijiti cha kukandamizia ulimi. Aanze na midomo kwa nje, aingie ndani ya mashavu, atazame ulimi juu, pembeni na chini yake, kisha sakafu ya kinywa, kaakaa na fizi. Meno yawe ya mwisho. Akianza na meno, macho yatanasa kwenye tundu la gego na kupita kidonda kilichojificha kando ya ulimi, na hicho kidonda ndicho kinachoweza kuua. Ukaguzi wote hauzidi dakika mbili.

Halafu mpe kila muuguzi mswaki mpya laini, ajisugue taratibu pale jino linapokutana na ufizi, ateme mate kwenye karatasi nyeupe. Wengi wataona damu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta fizi zinazotoka damu kwa takriban asilimia 98 ya watu wazima, na wauguzi ni sehemu ya watu wazima hao. Zoezi hili nalipenda kwa sababu linaondoa lawama chumbani. Muuguzi aliyeona damu kwenye mate yake haendi wodini kumgombeza mgonjwa kwa uchafu. Anaenda kumweleza jambo ambalo yeye mwenyewe ameanza kulishughulikia asubuhi ile ile.

Kuna hoja mbili zitakazotolewa, na zote ni za haki. Ya kwanza: sisi si madaktari wa meno. Ni kweli, na hakuna anayemtaka muuguzi ang'oe wala azibe jino. Kazi yake ni kutazama, kusafisha, kushauri na kumpeleka mgonjwa kwa mwenye ujuzi zaidi. Hoja ya pili ni muda. Zahanati ya upande wa Endebess au Cheptais inaweza kuwa na wauguzi wachache na foleni inayofika nje ya lango. Ukiwaambia waongeze kazi mpya, watakuitikia kwa heshima na hawatafanya. Kwa hiyo usiongeze kazi. Ingiza kinywa ndani ya kazi wanayoifanya tayari.

Mwaka 2015, wauguzi wa Chuo Kikuu cha New York wakiongozwa na Judith Haber walichapisha pendekezo rahisi. Upimaji wa mgonjwa wanaofundishwa wahudumu wa afya hupita kichwani, machoni, masikioni, puani na kooni. Kinywa hurukwa, ingawa koo halionekani bila kukipitia. Wao wakataka kinywa kitajwe kwa jina lake katika orodha hiyo. Wakufunzi wa chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, wa kampasi za Kitale, Bungoma na Webuye wanaweza kulifanya hilo bila kungoja mtaala mpya: mwanafunzi anayempima mgonjwa kwenye mtihani wa vitendo asipokagua kinywa, apoteze alama. Mwanafunzi husoma kile anachotahiniwa.

Kliniki ya watoto ndiyo mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa mama yuko pale na mtoto yuko mapajani. Vitamini A huanza kutolewa mtoto akiwa na miezi 6, na Bungoma ilikuwa miongoni mwa kaunti 8 zilizoanza kutoa chanjo ya malaria mwaka 2019, ambayo nayo huanzia umri huo. Miezi 6 ndipo meno ya kwanza yanapoanza kuchomoza. Mfundishe muuguzi kukaa akimwelekea mama, magoti yao yakigusana, mtoto alale chali huku kichwa kikiwa mapajani mwa muuguzi na miguu kiunoni mwa mama. Mtoto anamwona mamake, na muuguzi anaona kinywa chote. Ainue mdomo wa juu atafute mistari myeupe kama chaki karibu na ufizi. Hiyo ni dalili ya mwanzo ya kuoza, na katika hatua hiyo jino bado linaweza kuimarika kwa dawa ya meno yenye floridi na kwa kupunguza sukari. Ikishakuwa rangi ya kahawia na shimo, mtoto anahitaji daktari wa meno. Utafiti ule wa kitaifa wa 2015 ulikuta meno yaliyooza kwa karibu nusu ya watoto wa miaka 5.

Ushauri kwa mama uwe mfupi wa kukumbukwa. Jino la kwanza likitokeza, lipigwe mswaki asubuhi na kabla ya kulala. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele hadi miaka 3, kisha kiasi cha punje ya minji. Mtoto mkubwa ateme povu asisukutue, ili floridi ibaki. Chupa ya chai ya sukari isilale na mtoto. Katika maeneo haya yaliyo karibu na mashamba ya miwa, wazazi huuliza kama mtoto aache kabisa kutafuna muwa. Mimi ningeanza na chai na soda zinazonywewa kidogo kidogo kutwa nzima, kwani kinachoharibu jino zaidi ni idadi ya mara linapoguswa na sukari.

Hapo hapo kliniki ndipo suala la meno ya plastiki linapojitokeza, na hili lisipitwe haraka. Katika jamii nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania, mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, uvimbe mdogo kwenye ufizi wake huhesabiwa kuwa ndio ugonjwa. Anapelekwa kwa mtu anayeufukua kwa kisu au spoku ya baiskeli. Kinachotolewa ni chonge la utotoni ambalo halijachomoza. Mtoto anaweza kuvuja damu kwa wingi, akapata pepopunda au maambukizi ya damu, na akinusurika, meno yake ya ukubwani yanaweza kuota vibaya au yasiote. Wakati huo wote kuharisha kwenyewe hakujatibiwa.

Usimfundishe muuguzi kukemea. Mama aliyekemewa harudi kliniki, na jirani yake anaogopa kuja. Mfundishe maneno, kisha wayajaribu wao kwa wao mbele yako: "Mama Nekesa, hebu weka kidole chako hapa. Huu uvimbe ni jino la chonge, bado liko ndani ya ufizi. Kila mtoto analo, hata yule wa jirani. Kinachomtesa Nekesa ni kuharisha, na dawa yake ninayo hapa." Halafu ampe ORS na zinki, amwonyeshe namna ya kuchanganya, na amgeukie aliyemsindikiza. Akiwa ni kukhu (nyanya) wa mtoto, au kogo kwa familia ya Kikalenjin, aulizwe naye anafikiri nini, kwa sababu nyumbani neno lake ndilo litakalofuatwa. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba hizo wafundishwe maneno hayo hayo, mama asije akasikia habari mbili tofauti.

Kwa mjamzito, muuguzi aulize swali moja katika kila kliniki: "Fizi zako zinatoka damu ukipiga mswaki?" Mabadiliko ya homoni huzifanya fizi zivimbe upesi, na wengi wakiona damu huacha mswaki, jambo linaloongeza tatizo. Aelezwe aendelee kwa mswaki laini, na akitapika asukutue kwanza kwa maji yenye kijiko cha magadi ya kuokea, asubiri nusu saa ndipo apige mswaki, kwani asidi ya tumboni hulainisha jino. Wapo wanaoamini kwamba mjamzito haruhusiwi kutibiwa jino. Anaruhusiwa, na miezi ya katikati ya ujauzito ndiyo yenye nafasi nzuri zaidi. Jino lenye usaha lisingoje kujifungua.

Wodini ndiko ninakotaka wakufunzi wakae muda mrefu kuliko kote. Mgonjwa wa kiharusi mara nyingi hawezi kupiga mswaki, mate yake yamepungua, na bakteria walioota kinywani huteremka hadi mapafuni pamoja na mate anayopaliwa nayo. Uchambuzi wa majaribio 15 uliochapishwa Desemba 2023 na watafiti wa Boston ulionyesha kwamba wagonjwa waliopigwa mswaki hospitalini walipata nimonia ya hospitalini pungufu kwa karibu theluthi moja, na faida ilionekana hasa kwa walio kwenye mashine ya kupumulia. Mara mbili kwa siku ilitosha. Sijui dawa nyingine ya bei ya mswaki inayofanya kazi ya namna hiyo.

Onyesha kitandani, kwa mgonjwa mwenyewe. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hivi, mgeuze uso upande, weka taulo chini ya shavu. Mwambie unachotaka kufanya hata kama hajitambui. Tumia mswaki mdogo laini uliochovywa maji kidogo na kukung'utwa, na dawa ya meno kiasi kidogo sana. Sugua nje ya meno, ndani, juu ya magego, kisha ulimi kutoka nyuma kuja mbele. Fyonza mate kwa mashine. Kama haipo, pangusa kwa kitambaa safi kilichozungushwa kwenye kijiti. Kidole kisiingizwe kati ya meno ya mgonjwa asiyejitambua. Paka midomo mafuta. Meno ya bandia yatolewe usiku, yaoshwe kwa sabuni na kuwekwa kwenye kikombe cha maji chenye jina la mwenyewe.

Trei ya pamba na gliserini iliyozoeleka tangu zamani ipumzishwe. Pamba hupangusa utelezi na kuuacha ukoko ulioshika jino. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini nayo isigeuzwe mbadala wa mswaki. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 wa kuzuia nimonia hauipendekezi tena kwa walio kwenye mashine. Mgonjwa asiye na mswaki ndugu zake waambiwe siku ya kulazwa, pale pale wanapoambiwa walete sabuni na kikombe.

Kliniki za magonjwa ya muda mrefu zina mambo yake, na muuguzi akiyajua hupata heshima kubwa. Mwenye kisukari ambaye sukari haishuki atazamwe fizi, maana ugonjwa wa fizi huipandisha sukari, nayo sukari huuzidisha ugonjwa wa fizi. Mwenye presha anayetumia nifedipini, au mwenye kifafa anayetumia fenitoini, anaweza kuota fizi nene zinazofunika meno. Asiache dawa, aonwe na daktari, na usafi uongezwe. Mwenye ugonjwa wa vali za moyo utokanao na homa ya baridi yabisi anahitaji kinywa safi kuliko yeyote, na kabla ya kung'olewa jino lazima aseme ana ugonjwa wa moyo, daktari aamue kama anahitaji antibiotiki. Katika kliniki za virusi vya Ukimwi, utando mweupe unaopanguka au madoa ya zambarau kwenye kaakaa yanaweza kuonyesha kwamba kinga imeshuka hata kabla majibu ya maabara hayajarudi.

Dalili chache zikaririwe na kila mmoja. Uvimbe chini ya taya wenye homa, mdomo usiofunguka, au shida ya kumeza na kupumua: mgonjwa aende hospitali ya rufaa saa hiyo hiyo, hata usiku. Kidonda au doa jeupe au jekundu lililozidi wiki 2 bila kupona: aonwe haraka kwa hofu ya saratani, hasa akiwa mtumiaji wa tumbaku. Mtoto mwenye utapiamlo au aliyetoka kuugua surua, ufizi unanuka na shavu linavimba: hiyo yaweza kuwa noma, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa Desemba 2023. Aanzishiwe antibiotiki na lishe mara moja, shavu lisije likaoza.

Mwisho ni karatasi. Fomu ya kumpokea mgonjwa iongezwe mstari wa kinywa. Wanaotaka kipimo kamili watumie kile cha Jane Chalmers wa Australia cha mwaka 2005: midomo, ulimi, fizi, mate, meno, meno ya bandia, usafi na maumivu, kila kimoja kikipewa 0, 1 au 2. Kabla ya kuanza, msimamizi azungumze na idara ya meno ya hospitali ya kaunti wakubaliane siku za kupokea wagonjwa, namba ya kupiga na karatasi ya kurudisha majibu. Mgonjwa akisafiri kutoka Kapsokwony hadi Bungoma akakuta mlango umefungwa, muuguzi aliyemtuma hatamtuma mwingine. Baada ya mwezi, chukua mafaili 10 bila kuchagua, usome mstari wa kinywa, kisha uende na tochi yako kwenye vitanda vya wagonjwa wa mafaili hayo ulinganishe.