TAI WA ZIWA NA MAYAI YAKE

Somo la mwezi kwa waamini wa kandokando ya Tanganyika

Kabla ya somo, tusome nyumbani: Kumbukumbu la Torati 22:6-7 na Ayubu 39:27-30.

Somo la mwezi huu halitoki mbali. Liko juu ya miti mikubwa ya pwani yetu, tangu pale mto Rusizi unapoingia ziwani, kupita Kavimvira na Kalundu, mpaka Makobola na kuendelea njia ya Baraka. Ni tai mwenye kichwa cheupe na kifua cheupe, tumbo la rangi ya kahawia nyekundu, na mabawa meusi. Vitabu vya Kiswahili humwita kwazi. Sisi katika somo hili tutamwita tai wa ziwa. Sauti yake kila mvuvi anaijua: anatupa kichwa nyuma, analia kwa nguvu, na mwenzake anamwitikia.

Wengi wetu tumemwona akivua. Wachache wanajua anavyozaa. Na kwa kuwa hatujui, tunamharibia bila kukusudia. Mtu akikata mti wenye kiota ili apate makala, anafikiri amekata mti tu. Kumbe amebomoa nyumba ya miaka mingi, na pengine kazi ya miezi minne iliyobaki siku chache kwisha. Basi tuifuate kazi hiyo hatua kwa hatua, tujue ni nini kinachopotea.

1. KUJENGA NYUMBA

Tai wa ziwa ni ndege wa mke mmoja na mume mmoja. Wakiisha kuungana, kwa kawaida hukaa pamoja mwaka baada ya mwaka, wakilinda kipande chao cha pwani. Jike ni mkubwa kuliko dume: jike hufika kilo 3 na zaidi, dume kilo 2 au 2 na nusu. Kilio chao cha asubuhi ni tangazo kwa tai wengine kwamba mahali hapa pana wenyewe.

Kiota hujengwa kwa vijiti kwenye panda ya mti mkubwa ulio karibu na maji. Mara nyingine huwa juu ya jabali. Upana wake hufika mita 1 na nusu. Ndani hutandikwa majani laini na nyasi. Mwaka mwingine ukifika, hawaanzi upya. Huongeza vijiti juu ya vile vya zamani, na kiota huzidi kuwa kizito.

Hapa tuone jambo moja. Mzigo kama huo hauchukuliwi na mti mchanga. Unataka mti mzee, wenye matawi manene, unaosimama juu ya mingine ili tai aone maji na aweze kutua na samaki mguuni. Mti wa namna hiyo ukikatwa leo, hata tukipanda mwingine kesho, watoto wetu watakuwa watu wazima kabla haujafaa kubeba kiota. Kupanda ni vizuri, lakini hakurudishi haraka kile kilichokatwa.

2. KUTAGA

Katika nchi za karibu na ikweta tai huyu aweza kutaga mwezi wowote, lakini mara nyingi huchagua kiangazi. Wakati huo mvua hazipigi kiota, maji huwa meupe, samaki huonekana vizuri.

Jike hutaga kwa kawaida mayai 2. Mara nyingine 1 au 3. Ni meupe, pengine yenye madoa mekundu kidogo, na ni makubwa kuliko yai la kuku. Hayatagwi siku moja. Kati ya yai na yai hupita siku 2 au 3.

Kuku wa nyumbani akipoteza mayai kumi, juma lijalo anaanza tena. Tai sivyo. Mayai yale 2 ndiyo tumaini lake la mwaka. Yakiharibika, mara nyingi mwaka ule umekwisha bila mtoto.

3. KUATAMIA

Sasa inaanza kazi ya kukaa. Tai huatamia siku 42 mpaka 45. Zaidi ni jike anayelala juu ya mayai. Dume huvua na kumletea samaki, tena humpokea kwa saa kadhaa ili anyooshe mabawa na kula. Mayai hayaachwi hivi hivi. Mmoja hasimami mpaka mwenzake yuko karibu.

Kwa nini wanaangalia hivyo? Kwa sababu ndani ya yai mna kiumbe kisichoweza kujipasha joto. Usiku na alfajiri, upepo wa kiangazi unapovuma, yai bila mama hupoa, na kiumbe hufa ndani. Saa sita za mchana shida hugeuka: jua la Uvira hupiga kiota kilicho wazi juu ya mti, na yai huiva kama limewekwa juu ya bati. Kwa hiyo mama yule ni moto wakati wa baridi, na ni kivuli wakati wa jua. Tena huyageuza mayai kwa mdomo wake, ili kiumbe kisigande upande mmoja wa ganda.

Watu wengi hufikiri kuharibu kiota ni kupanda mti na kuiba mayai. La. Vijana wanaotupa mawe ili tu wamwone tai akiruka, hawakugusa yai hata moja. Lakini mama akikaa angani nusu saa kwa hofu, jua linafanya kazi yake, au kunguru anafika, au kenge anapanda. Jioni mama anarudi kulala juu ya mayai yaliyokufa, na huweza kuendelea kuyaatamia bila faida.

4. KUANGULIWA

Siku zikitimia, kinda hupasua ganda yeye mwenyewe. Juu ya mdomo wake mna kitu kigumu kidogo kama jino. Kwa hicho hugonga ganda toka ndani. Huanza kwa tundu moja, hupumzika, hugonga tena. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, hata siku nzima. Mama husikia sauti yake kabla hajamwona, lakini hamvunjii ganda.

Kwa kuwa mama alianza kuatamia tangu yai la kwanza, makinda nayo hutoka kwa siku mbalimbali. Wa kwanza akifungua macho, mdogo wake yu bado ndani ya ganda. Mkubwa hupata samaki mbele na hupata nguvu mbele. Ziwa likiwa na samaki wengi, wote wawili huweza kukua. Samaki wakipungua, mdogo husukumwa pembeni na mara nyingine hufa. Angalieni basi: wavu wenye matundu madogo mno tunaokokota pwani, pamoja na vyandarua vya mbu vilivyogeuzwa nyavu, hauondoi mboga ya kesho katika nyumba zetu tu. Unafika mpaka juu ya mti.

5. KULEA MPAKA KURUKA

Makinda huvaa manyoya laini kama pamba. Baadaye huota manyoya ya kweli, ya rangi ya udongo yenye michirizi. Mama hukata samaki vipande vidogo na kuwalisha mdomoni. Dume anavua. Hukaa juu ya tawi akitazama, hushuka kwa kasi, hutupa miguu mbele na kukamata samaki aliye karibu na uso wa maji. Chini ya vidole vyake mna miiba midogo inayozuia samaki asiteleze. Akikamata samaki mzito mno, humkokota juu ya maji mpaka pwani.

Makinda huruka wakiwa na siku 65 mpaka 75. Lakini kuruka si kujua kuvua. Kwa majuma mengine mengi hukaa karibu na wazazi, wakilia njaa na kujifunza. Tena kichwa kile cheupe chote hawakipati mpaka wamefika karibu miaka 5. Tai mmoja mzee anayelia juu ya mti Kalundu asubuhi ni matunda ya subira ndefu.

Hesabu ni hii: siku 45 za kuatamia na siku 70 za kulea ndani ya kiota, jumla siku 115. Karibu miezi minne mti ule usiguswe.

6. SUMU ISIYOONEKANA

Kuna adui mwingine asiyepanda mti. Baada ya vita vikuu vya pili, dawa ya kuua wadudu iitwayo DDT ilimwagwa katika mashamba ya nchi nyingi. Mvua iliipeleka mitoni, ikaingia katika samaki wadogo, kisha katika samaki wakubwa, kisha katika ndege wanaowala. Haikuwaua ndege papo hapo. Ilifanya ganda la yai kuwa jembamba, hata mama alipolala juu ya yai, likavunjika chini yake. Yeye aliyetaka kulinda ndiye aliyevunja. Marekani ilikataza dawa hiyo mashambani mwaka 1972. Katika ziwa Kariba, huko Zimbabwe, watafiti waliikuta ndani ya mayai ya tai huyu huyu wetu. Na ziwa letu halikupona: mwaka 1976 wataalamu waliandika kwamba samaki wa Tanganyika wana mabaki ya dawa za namna hiyo.

Ndiyo maana tunasema: anayevua kwa sumu, na anayeosha pampu ya dawa ya shamba mtoni Mulongwe au Rusizi, hajui atakayekunywa mwisho. Samaki anayelishwa kinda ni ndugu wa samaki aliye katika sahani ya mtoto wako.

7. MFANO WA WATU WALIOLINDA KIOTA

Yuko tai mwingine mvuvi, mwembamba zaidi, mwenye mstari mweusi unaopita jichoni. Huyu ni mgeni. Anazaa Ulaya, na baridi ya huko ikianza, tangu mwezi wa Septemba, anashuka mpaka maziwa ya Afrika. Mwezi wa Machi anarudi. Kwao hutaga mara nyingi mayai 3 na kuatamia siku kama 37.

Katika Scotland, huko Uingereza, ndege huyo aliwindwa na mayai yake yakaibwa mpaka mwaka 1916 hakuonekana tena na kiota. Mwaka 1954 jozi moja ikarudi kuzaa. Mwaka 1958, mahali paitwapo Loch Garten, mwizi alipanda usiku akaiba mayai ijapokuwa palikuwa na walinzi. Hawakukata tamaa. Mwaka 1959 walilinda usiku na mchana, wakawaita watu wote waje watazame kwa mbali. Maelfu walikuja, na makinda 3 yakaruka. Leo nchi ile ina jozi zaidi ya 200. Tofauti ya mwaka 1958 na 1959 ilikuwa hii: kiota kilipata wenyeji wengi. Mtu aliyekwisha kutazama kinda kwa macho yake hamwachi mwizi apite.

8. SHERIA YA KIOTA

Katika Torati ile tuliyosoma, mtu akikuta kiota njiani haruhusiwi kumchukua mama pamoja na watoto. Mama lazima aachwe aende. Na ahadi yake ni ya maisha mema na siku nyingi. Ndugu mmoja aweza kuuliza: "Basi, ikiwa mama ameachwa, mayai ninaweza kuyachukua?" Tufahamu kusudi la sheria. Inasema na mtu mwenye njaa, na inamwekea mpaka ili kesho mbegu isiishe. Kwa tai mwenye mayai 2 kwa mwaka, kuyachukua ni kumaliza mbegu, na mayai 2 hayashibishi nyumba. Hata wakubwa wa nchi wamefahamu jambo hilo: mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi wa ziwa hili tangu tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazae.

Tunajua maisha ya Uvira. Vita vimeleta watu wengi mjini, na mama anayeuza makala analisha watoto kwa makala hayo. Hatuji kumhukumu. Tunaomba jambo moja: mti wenye kiota uachwe, hata ukiwa mmoja tu katika kijiji. Mizizi yake inashika udongo pia. Tusisahau mafuriko ya Aprili 2020, Mulongwe ulipobeba nyumba na watu wetu.

KAZI YA MWEZI

Kila jamaa itafute kiota kimoja, itazame kwa mbali. Ukiona tai amelala chini, kichwa peke yake kikionekana, anza kuhesabu siku 45. Akisimama na kulia kwa ajili yako, umekaribia mno; rudi nyuma. Vijana waambieni wenye shamba na wakata makala: mti huu una watoto.

MASWALI

1. Kwa nini mti mchanga hauwezi kuchukua nafasi ya mti mzee?
2. Mama wa tai ni moto wakati gani, na ni kivuli wakati gani?
3. Kijana aliyetupa jiwe bila kugusa yai, amefanya kosa gani?
4. Katika kartie yenu, nani ni mwenye mti wenye kiota, na nani atakwenda kusema naye kwa heshima?

Bwana awabariki. Amina.